Krismasi Tuliyobaki Bariadi

Mume wangu ni mtu wa Rombo, na kwa watu wa kwao Desemba haina maswali. Unafunga mizigo, unapanda basi, unakwenda nyumbani. Katika miaka minne ya kwanza ya ndoa yetu tulikuwa tukiondoka Mwanza wiki moja kabla ya Krismasi na kufika kwenye migomba ya baba yake tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Huko ndugu wote walikutana, mbuzi wakachinjwa, na mambo ya ukoo yaliyosubiri mwaka mzima yakaamuliwa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Mimi nilizaliwa Tabora, baba akiwa mfanyakazi wa reli, na utoto wangu wote tulihama kutoka stesheni hadi stesheni. Sikuwa na mlima wa kurudi. Nilikwenda kwa sababu yeye alikwenda.

Mwaka wa tano hatukwenda. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kiwanda cha nguo alichokuwa fundi umeme kilikuwa kimepunguza watu mara mbili, na mara ya tatu, mwezi wa pili, kikafunga kabisa. Wengine walisema ni mitumba iliyokiua, wengine mashine kuukuu, wengine wakubwa wenyewe. Tulitolewa kwenye nyumba za kiwanda tukakaa kwa rafiki, na mwezi wa sita tukahamia Bariadi. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na mmoja wao alikuwa amefungua kinu cha kuchambulia, akahitaji fundi. Kazi ikadumu msimu mmoja. Pamba ilipokwisha, mwezi wa kumi, walimwambia asubiri mpaka msimu ujao. Tukabaki na vyumba viwili vya kupanga, kitanda, jiko la mkaa na cherehani yangu.

Kwao hakuwaambia kitu. Barua za nyumbani zilikuwa zikienda kwenye sanduku la posta la kiwanda ambalo hakuna tena aliyelifungua, na yeye hakuandika mpaka Novemba. Siku hiyo alinipa bahasha nikaitie posta, akanisomea mwenyewe alichoandika: kwamba sikukuu hii atakuwa zamu kiwandani, kuna mashine mpya zinafungwa, wamsamehe. Alisoma kwa sauti ya kawaida kabisa. Niliichukua nikaenda nayo, nikaitumbukiza, nikarudi kushona.

Sikumlaumu kwa uongo ule, na sababu haikuwa huruma tu. Mimba zangu mbili zilikuwa zimetoka, na tulikuwa hatuna mtoto. Kila Krismasi, nilipokuwa nikishuka kwenye basi kule Rombo, macho ya wanawake yalikuwa yakiteremka tumboni kabla hayajafika usoni. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wakinipa tu watoto wao niwashike, mmoja baada ya mwingine, siku zote za sikukuu. Kwa hiyo bahasha ile ilipoanguka ndani ya sanduku nilisikia raha, na niliona aibu ya raha hiyo, lakini haikuondoka.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, mkulima wa pamba na mpunga, mwenye ng'ombe wachache waliokuwa kwa kaka yake upande wa Lalago. Kila mtu alimwita mayu, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Wiki ya kwanza aliniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia sina. Akasema haya, akaniuliza kama naweza kumpunguzia gauni mikono. Hakuniuliza tena lile la kwanza. Kisukuma chake nilikielewa nusu, maana kinafanana na Kinyamwezi nilichokisikia utotoni, na nilipomwamkia asubuhi kwa mwangaluka alicheka akasema huyu si mgeni, alipotea tu njiani.

Desemba mvua zilikuwa zimeshika na watu walikuwa wakishinda shambani, lakini jioni walikuja kwenye baraza ambako nilikuwa nimeweka cherehani. Kina mama walinunua magauni ya mitumba mnadani, makubwa, ya wanawake wa Ulaya wenye vifua vipana, wakaniletea niyakate yatoke magauni mawili ya watoto. Gauni moja la kijani lenye maua lilitoa magauni matatu ya dada wa nyumba moja. Sijawahi kupata kazi nyingi vile. Mume wangu alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, nyuma yangu. Mara moja aliokota kipande kilichoanguka, akakisugua kwa vidole, akakivuta kuangalia uzi, akasema kimefumwa vizuri. Kisha akakirudisha chini pale pale kilipokuwa. Baada ya hapo hakukaa tena kizingitini. Alikuwa akikaa ndani.

Tarehe kumi na sita ilianza novena ya Noeli. Jumuiya yetu ya mtaa ilikuwa ikisali kila siku saa kumi na moja jioni kwenye nyumba tofauti, siku tisa, mpaka mkesha wa sikukuu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na orodha. Aliuliza nani atapokea siku ya sita, nami nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Nilikuwa nimezipenda jioni zile. Watu walikuja na vigoda vyao vichwani, miguu ikiwa bado na matope ya shamba, wakaimba nyimbo za Noeli nilizozijua lakini kwa mwendo mwingine, mzito, wa kukanyaga ardhi. Baada ya sala tulikuwa tukinywa uji au kutafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu, huku wakinifundisha majina ya vitu. Walinitania. Walisema nikijua kulima mpunga watanipa jina.

Nilipomwambia mume wangu kwamba siku ya sita itakuwa kwetu, alisema waambie hapana. Nilimwambia nimekwisha kubali. Akasema mimi ndiye niliyekubali. Nilidhani atakaa ndani kama kawaida yake na wao watakaa uani, na yataisha.

Siku hiyo nilikwenda bombani kuchota maji ya uji, foleni ikawa ndefu, na niliporudi watu walikuwa wamejaa uani na mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Nilibisha. Nilibisha tena, nikamwita taratibu. Nyuma yangu niliwasikia watu wakijitahidi kutotazama. Ndoo ilikuwa bado kichwani. Mayu alikuja akanitua, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba leo tunasali kwake, alikuwa ameomba yeye mwenyewe nikamwachia. Wakainua vigoda wakavuka ua, hatua kama kumi. Niliimba na kila mtu. Hata sasa sijui nilipata wapi sauti.

Walipoondoka mume wangu alinifungulia. Chumba kilikuwa na giza, hakuwa amewasha taa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini alinitangulia, akazungumza polepole, bila ukali.

"Wewe umefurahi kwamba hatukwenda," alisema. "Tangu ile siku ya barua. Unaimba ukifua."

Ningeweza kukataa. Nilimwambia ndiyo, nimefurahi.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Siku mbili zilizofuata nilikwenda kwenye novena peke yangu na nilifurahi kila siku kwa muda ule wa saa moja, na kila siku nilirudi nikiwa nimebeba furaha hiyo kama kitu cha kuficha chini ya kanga.

Siku ya tisa, tarehe ishirini na nne, tulisali tena kwa mayu. Dada yake alikuwa amekuja kutoka Kiloleli na samaki wakavu, na ua wake ulikuwa umefagiwa. Tulikuwa katikati ya wimbo nilipomwona mwanamke mzee amesimama kwenye uwazi wa uzio wa minyaa. Alikuwa na begi la kitambaa mkononi na kichwani alikuwa na mkungu wa ndizi uliofungwa kwenye gunia. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Nilimtambua kwa jinsi alivyoshikilia shingo, kabla ya uso. Alikuwa mama mkwe wangu.

Hakuniona, au aliniona akaona si wakati. Alitua mkungu, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kuimba na wengine. Alikuwa na sauti nyembamba ya juu ambayo kanisani kwao ilijulikana. Kuna jambo moja tu nililoweza kufikiri: mama wa Rombo ameiacha nyumba yake siku ya mkesha wa Krismasi, wanawe wengine wote wakiwa njiani kwenda kwake.

Kabla wimbo haujaisha mlango wetu ulifunguka. Mume wangu alitoka na fulana ya ndani, pekupeku, akasimama. Alikuwa ameisikia ile sauti ukutani. Mama yake alimtazama akaendelea mpaka mwisho wa ubeti, kisha akanyamaza, na wengine wakamalizia.

Baadaye alitusimulia. Alikuwa amekwenda Mwanza moja kwa moja, akafika langoni kwa kiwanda, akamkuta mlinzi mmoja na mbuzi wanakula majani kwenye reli za kuingizia marobota. Mlinzi alijua wengi walikokwenda. Akamwelekeza basi la kuja Bariadi kupitia Lamadi. Alikuwa amelala njiani siku nne. Ndizi alizokata zikiwa mbichi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Mayu alizichukua kama zawadi kubwa, akapiga goti kumshukuru, wabeja, wabeja, akawagawia watu wote pale uani, na hata zile zilizopondeka zililiwa.

Jioni ile hakikuzungumzwa kitu. Mama mkwe alisema amechoka, na kwamba sikukuu ni sikukuu. Nilimpa kitanda chetu. Sisi tulilala chini kwenye mkeka, kila mmoja akijua mwenzake hajalala.

Siku ya Noeli tulikwenda misa watu watatu. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, na mbele walikaa watoto. Niliyaona magauni yangu. Niliona maua ya lile gauni la kijani kwa wale dada watatu, na mmoja alikuwa amelivaa mbele nyuma. Wakati wa matoleo ngoma zilipigwa, kina mama wa kwaya wakaja wakiinama na kuinuka, wengine wamebeba mchele, wengine kuku, na mmoja debe la pamba nyeupe iliyobaki msimu uliopita. Mama mkwe aliniuliza sikioni kama ni kawaida. Nikamwambia hata mimi ni mara ya kwanza. Akaanza kupiga makofi. Mume wangu alisimama kati yetu akiwa amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, mikono imening'inia.

Mayu na majirani walikuwa wamechangia ng'ombe, na mchana kila nyumba ilipata fungu lake. Yeye alitaka tule kwake. Tulikula wali wa mpunga wake mwenyewe na nyama, na maziwa mgando mazito kiasi cha kukatwa kwa kijiko. Watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa wali kwenye sinia, wakila na kuhamia nyumba nyingine. Mayu na mama mkwe walikaa pamoja kwenye mkeka. Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na lugha ya kwao ndani yake, lakini walielewana kuhusu magoti, ng'ombe na wakwe. Niliwaona wakicheka. Nilidhani huenda yatapita hivyo hivyo.

Ilipofika saa tisa mama mkwe aliinuka, akasema anataka kuzungumza na mwanawe ndani. Nilibaki nikikusanya sahani. Akageuka akaniambia, "Na wewe njoo, mama. Jambo hili ni lako zaidi."

Alikaa kitandani, sisi kwenye vigoda. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kilikuwa jani la sale, limekauka na kukunjika. Mimi si mtu wa mlimani lakini nilikuwa nimekaa kule vya kutosha kujua. Jani hilo mtu hupelekewa anapoombwa msamaha, na anayepelekewa hana njia ya kukataa. Lakini ni mdogo anayempelekea mkubwa, au wawili walio sawa. Sijawahi kusikia baba akimpelekea mwanawe.

"Baba yako amelikata mwenyewe," alisema. "Amesema alikosea. Amesema lile neno alilokuambia mwaka jana, la kuoa mwanamke mwingine, alilisema kwa uchungu wa kutaka mjukuu. Aliona mwaka mzima huandiki, na barua ilipofika ni ya kusema huji, akajua umekasirika kwa ajili ya mkeo. Sasa anagawa kihamba, shamba la ukoo, kabla ya mwaka mpya na hawezi kugawa wewe ukiwa hupo na moyo wako umefunga. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Jani lilikuwa kwenye kiganja chake. Nilimtazama mume wangu. Hakunitazama.

Nilikuwa nimekaa mwaka mzima na mtu huyu, nimelala naye kwa rafiki tulikokaa watu sita chumba kimoja, nimemfuata Bariadi, nimemwona akila akiacha, na hakuwahi kunitamkia kwamba baba yake alimwambia aniolee mwenzangu. Nilihesabu nyuma. Nilikumbuka asubuhi moja kule Rombo walipokwenda yeye na baba yake kuangalia kahawa wakakaa sana.

Mume wangu alinyoosha mkono akapokea jani, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mimba ya pili ilipotoka. Akamwambia mama yake kwamba hakukasirika. Akamwambia kuhusu kiwanda, ingawa mama alikuwa amekwisha kukiona, na kuhusu kinu, na kwamba tangu mwezi wa kumi mke wake ndiye anayemlisha kwa cherehani. Alisema hakutaka kufika mbele ya kaka zake mikono mitupu. Alisema barua ile yote ilikuwa uongo.

Mama yake aliikunja ile karatasi ya daftari, akaikunja tena. Nje watoto walikuwa wakiimba.

"Basi baba yako ameomba msamaha wa bure," alisema.

"Si wa bure," nilisema.

Ilinitoka. Mama mkwe alinitazama, na nilifikiri atanikemea kwa kuingilia, lakini aliinamisha macho. Alisema ni kweli, si wa bure. Akasema pia kwamba yeye alilijua neno lile kabla halijasemwa na alinyamaza.

Kesho yake, siku ya pili ya Krismasi, kulikuwa na mpira uwanjani na baada ya mpira kikundi cha ngoma ya majembe. Kwa kawaida ngoma kubwa za Usukumani ni za kiangazi, baada ya mavuno, lakini kile kilikuwa kikundi cha vijana waliokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, na walitaka kuonyesha. Mji mzima ulikuwepo. Mayu alimshika mama mkwe mkono toka nyumbani mpaka uwanjani kana kwamba angepotea. Vijana waliingia kwa mstari, njuga miguuni, wakayarusha majembe juu yakazunguka na kuyadaka kwa mpini, wakainama wakalima hewa, wakayarusha tena. Watu walipiga vigelegele. Mayu aliingia uwanjani, akamvuta mama mkwe, na yule mwanamke wa Rombo aliyekuwa amelala njiani siku nne akainua kanga kidogo akacheza, vibaya, akicheka mpaka machozi.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu nilikuwa nimeupenda mji ule. Na wakati huo huo nilikuwa nikiiwaza ile asubuhi ya kahawa. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa duara. Nilizunguka nyuma ya watu nikamfikia.

Nilimuuliza alimjibu nini baba yake.

"Sikumjibu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Nilinyamaza. Tukaendelea kuangalia kahawa."

Ngoma zilikuwa karibu, ilibidi tusogezeane vichwa kusikizana, na mtu aliyetuona angedhani tunanong'onezana mambo ya raha. Nilimwambia afadhali angekubali au angekataa, ningejua niko na nani. Akasema hata yeye hakujua. Akasema siku zile alikuwa akiniangalia na kufikiria mambo yote mawili, na kisha kiwanda kikafunga, akawa hana nguvu ya kufikiria hata moja. Kisha akasema kesho atakwenda na mama yake.

Nilimuuliza kama nami niende. Alichelewa kujibu, nami sikusubiri. Nilimwambia nitabaki.

Waliondoka asubuhi ya ishirini na saba. Mama mkwe alinishika mabega stendi, akaniambia nisiache kula. Mayu alimpa mchele na michembe kwenye mfuko. Mume wangu alipanda akiwa na begi dogo mno kwa safari ya kwao, akakaa dirishani upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.

Siku zilizofuata nilifungua cherehani lakini kazi ilikuwa imekwisha, watu wote wamekwisha kuvaa. Mwaka mpya watoto walipiga madebe mtaani, na jumuiya ikala pamoja uani kwa mwalimu. Nilikwenda. Niliulizwa habari za mzee wangu, nikasema amekwenda kwao kugawiwa shamba, wakanipongeza. Kila aliyenipongeza nilimshukuru. Nilikuwa nikijiuliza kama atarudi, na kama akirudi atarudi na nani, na nilikuwa pia nikijiuliza kama nitaweza kulipa kodi ya chumba peke yangu, na nikaona ninaweza, na hilo nalo likanitisha.

Mayu hakunifariji kwa maneno. Tarehe tatu Januari alinigongea alfajiri, akanipa jembe, akasema twende tukapande mpunga. Nilikwenda kila siku. Maji yalifika magotini, mgongo ulikufa, na jioni nilikuwa nikilala kabla sijavua nguo.

Mume wangu alirudi wiki ya nne ya Januari, peke yake. Nilimkuta amekaa kizingitini nikitoka shambani. Alikuwa amenyoa. Alinieleza kwamba amepewa kipande chake, upande wa chini karibu na mfereji, na kwamba alisimama mbele ya baba na kaka zake wote akasema hana kazi. Kaka mkubwa alitazama pembeni. Baba yake alimuuliza tu kama jani lilifika.

"Na lile neno jingine?" nilimuuliza.

"Nililijibu."

Nilingoja aseme alijibu nini. Aliinuka, akachukua ndoo akaenda kuoga. Nilikuwa na tope mpaka mapajani na nilikuwa nimechoka, na nadhani pia niliogopa. Sikumuuliza siku hiyo, na baadaye ikawa vigumu zaidi kuuliza. Mpaka leo sijui alisema nini mbele yao. Hakuoa mwingine, hilo najua. Mtoto hatukupata.

Msimu uliofuata kinu kilimwita, na mwingine, na tukakaa Bariadi miaka kumi na mmoja. Kila Desemba alifunga begi lake akaenda Rombo, akamsalimia baba yake na baadaye kaburi lake. Mara mbili nilikwenda naye. Miaka mingine nilibaki, nikapokea novena siku ya sita, nikashona, nikacheza. Watu wa mtaa walishangaa mwanzoni kuona mume na mke wakila sikukuu mbalimbali, kisha wakazoea, kama sisi tulivyozoea. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana hivyo. Ikifika katikati ya Desemba alikuwa akiniuliza, "Unakuja?" na nilikuwa nikimjibu jinsi moyo ulivyokuwa mwaka huo, na yeye alikuwa akisema sawa, na kuniachia pesa za mkaa.